Maji Yalipanda, Hayakushuka: Kisa cha Kuvu Katika Paa Bapa la Gereji

Gereji yenyewe haikuwa na la ajabu. Mita 6 kwa 3.2, imeegemezwa ubavuni mwa nyumba, boriti za mbao za milimita 50 kwa 150 zikitoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa nje. Juu ya boriti plaiwudi ya milimita 18, juu ya plaiwudi karatasi za lami zilizobandikwa kwa moto. Kwa miaka mingi ilihifadhi gari, baiskeli na makopo ya rangi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kisha mwenye nyumba akaigeuza: nusu karakana, nusu chumba cha kufulia. Akajaza pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto, kati ya boriti mpaka juu, akafunika kwa bodi za jasi, akatoboa matundu ya taa za kuzama darini, akaingiza mashine ya kukausha nguo na kipasha joto kidogo cha umeme.

Msimu wa baridi wa kwanza ukaja na harufu ya uvundo. Wa pili ukaleta madoa meusi darini, na asubuhi nyingine matone juu ya benchi la kazi.

Fundi wa kwanza alisema paa linavuja, akatandika tabaka la tatu la lami. Madoa yakarudi. Wa pili alishauri dari ipakwe rangi ya mafuta ili kuvu ife. Ikatulia kwa muda, kisha ikaibuka upya, safari hii kama pete kuzunguka kila taa. Nilipoitwa, swali nililowekewa mezani lilikuwa moja tu: lami ya nne iwe ya aina gani?

Tone linaanguka saa ngapi?

Kabla ya kupanda ngazi, mimi huuliza saa. Paa linalovuja lina ratiba yake: mvua inanyesha, baada ya muda maji yanatokea, na mara nyingi yanatokea mahali palepale. Maji yanayotokana na mvuke hayajali mvua hata kidogo. Bahati nzuri mwenye nyumba alikuwa ameanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani kila siku aliyokuta benchi limelowa, akiwa na nia ya kumwonyesha fundi wa kwanza kwamba kazi yake haikufaa. Nilipokaa na kalenda ile, picha ilijitokeza yenyewe. Siku za matone zilikuwa karibu zote za jua. Matone yalianza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, baada ya usiku wa baridi na anga jeupe lisilo na wingu. Siku mbili za mvua mfululizo, zenye upepo, benchi lilibaki kavu.

Wengi hushangaa hapo. Usiku wenye mawingu, paa hupata joto kidogo linalorudi kutoka kwenye mawingu. Usiku usio na wingu, paa bapa linatazama anga tupu na kutoa joto lake juu bila kurudishiwa, kwa hiyo uso wake hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, kwa nyuzi kadhaa. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 3 za Selsiasi, lami inaweza kushuka chini ya sifuri. Mvuke uliopenya hadi chini ya plaiwudi unaganda pale kama jalidi, usiku kucha, kimya, bila tone. Jua likipiga lami nyeusi asubuhi, jalidi yote inayeyuka kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu huapa kwamba ni mvujo: kiasi cha maji ni kikubwa mno kuitwa umande.

Kulikuwa na pengo moja katika ratiba hii, nalo ndilo lililowapoteza waliotangulia. Kona moja, pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba karibu na mfereji wa maji ya mvua, ililowa wakati wa mvua kweli. Nilipanda na bomba la maji, nikaanza sehemu ya chini kabisa ya paa na kupanda juu polepole, kila sehemu ikinyeshewa muda wa kutosha kabla ya kusogea, huku mtu akiwa ndani na tochi. Anayeanza juu hawezi kujua maji yameingilia wapi, kwa sababu yanateremka na kulowesha kila kitu njiani. Katikati ya paa, hakuna kitu. Kwenye ile kona, maji yakaonekana ndani baada ya dakika chache: lami ilikuwa imepandishwa ukutani kwa sentimita tano hivi tu na imeachia sehemu ya juu. Kwa hiyo fundi wa kwanza hakuwa mwongo. Mvujo ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo na wa kona moja, ukatwikwa lawama za paa zima.

Ndani ya dari

Tulikata bodi ya jasi sehemu tatu: kando ya taa, karibu na ukuta wa nyumba, na karibu na ukuta wa nje. Sikufungua palipokuwa na madoa mengi pekee. Sehemu ya kulinganisha ni lazima, la sivyo unachokiona hakina maana.

Kando ya taa, pamba ya kioo ilitoka imelowa na nzito, upande wa juu umegeuka kijivu. Chini ya plaiwudi kuvu ilikuwa nene kwa upana wa shubiri moja kuzunguka tundu la taa, nyeusi kabisa katikati, kisha ikififia kuwa vidoa vidoa, kisha mbao safi. Ncha za misumari iliyotokeza kutoka juu zilikuwa na kutu, na kila msumari ulikuwa na duara dogo la doa la kahawia kwenye mbao. Msumari ni chuma, hupitisha baridi ya nje moja kwa moja hadi ndani, kwa hiyo ndio wa kwanza kushika umande. Maji ya mvujo hayachagui misumari. Hufuata mteremko na kuacha michirizi. Duara safi kuzunguka kila msumari, paa zima, ni alama ya mvuke.

Kipima unyevu wa mbao chenye sindano mbili kilisoma asilimia 28 karibu na taa, 23 karibu na ukuta wa nyumba, na 16 karibu na ukuta wa nje. Mbao iliyo juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu iko katika eneo la hatari ya kuoza. Ikikaribia 30, nyuzi zake zimeshiba maji. Tofauti kati ya ncha mbili za boriti moja ndiyo iliyonivutia kuliko idadi zenyewe. Kwenye ukuta wa nje, mbao ya ukingo ilikuwa na matundu ya hewa ya zamani, madogo, yaliyofungwa wavu. Kwenye ukuta wa nyumba hakukuwa na tundu lolote, na lisingeweza kuwepo: boriti zinaishia ndani ya matofali. Kila nafasi kati ya boriti mbili ilikuwa kichochoro kisicho na mlango wa pili.

Sakafu niliishughulikia haraka. Kipande cha nailoni kikagandishwa kwa utepe pande zote juu ya zege na kuachwa zaidi ya siku nzima. Chini yake hakukuwa na unyevu wala weusi wa zege, kwa hiyo maji hayakutoka ardhini.

Yalitoka wapi basi?

Mashine ya kukausha nguo ilikuwa inatoa pumzi yake ndani ya gereji, bomba lake limeelekezwa nyuma ya kabati. Nguo za kilo 5, hata baada ya kukamuliwa vizuri na mashine ya kufulia, bado zina lita mbili hadi mbili na nusu za maji. Zikikauka ndani ya chumba kile, maji hayo yote yameingia hewani. Ongeza gari linaloingia limelowa, na mlango wa jikoni usiofunga sawasawa.

Kifaa cha kurekodi joto na unyevu, kilichoning'inizwa hapo kwa siku kadhaa, kilionyesha nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 70 mashine inapofanya kazi. Hewa ya namna hiyo ina karibu gramu 11 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 12 na kitu. Hata usiku usioleta jalidi, upande wa chini wa plaiwudi ulikuwa nyuzi 3. Hewa ya nyuzi 3 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6 hivi. Karibu nusu ya maji lazima yaachwe pale juu, kwa kila mita ya ujazo inayofika.

Neno "inayofika" ndilo lenye uzito. Mvuke una njia mbili za kupanda. Wa kwanza unapenya taratibu ndani ya bodi yenyewe, kama maji ndani ya karatasi. Unafika, lakini kwa kiasi kidogo. Wa pili unasafiri na hewa kupitia nyufa na matundu, na huu unabeba maji mengi mno kuliko ule wa kwanza. Hewa ya joto inapanda, dari ina matundu ya taa, na kila taa ya kuzama ikiwaka inapasha hewa iliyo juu yake na kuivuta zaidi. Ndiyo ile pete nyeusi ya shubiri moja.

Hapa pia ndipo rangi ya mafuta ilipofanya ujanja wake. Ilipunguza kweli mvuke unaopenya bodi, na ndiyo sababu madoa ya katikati ya dari yalitulia. Matundu ya taa hayakuguswa, kwa hiyo njia kubwa ilibaki wazi. Ubaya zaidi ulikuja msimu wa joto. Paa kama hili, lililofungwa kwa lami juu, haliwezi kukauka kuelekea juu. Tumaini lake pekee ni jua kupasha plaiwudi na kusukuma unyevu urudi chini kupitia dari. Rangi ya mafuta ilifunga mlango huo. Mbao zikaingia msimu wa baridi uliofuata zikiwa bado na maji ya msimu uliopita. Tabaka la tatu la lami, kwa upande wake, halikubadilisha mengi kuhusu mvuke, maana matabaka mawili ya chini yalikuwa yameshaziba. Liliongeza uzito tu, juu ya boriti zilizokwisha kulegea kidogo katikati na kushika dimbwi kila mvua.

Ushauri wa kutoboa matundu zaidi

Kila aliyesikia kisa hiki alinipa jibu lilelile: ongeza matundu ya hewa. Ni ushauri mzuri kwa paa linalokubali. Paa bapa lenye kizuia joto kati ya boriti, chini ya plaiwudi, linahitaji nafasi tupu ya milimita 50 hivi juu ya kizuia joto, iliyo wazi toka ncha moja ya boriti hadi nyingine, na uwazi wa kuingizia na kutolea hewa pande zote mbili. Kikikosekana kimoja, hewa haitembei. Katika gereji hii pamba ilikuwa imejaza milimita 150 zote, na hata tungeipunguza, ukuta wa nyumba ungebaki pale pale.

Kuna wanaoweka vikofia vya kutolea hewa juu ya lami, kimoja kwa kila nafasi. Sikupenda. Upepo ukipita juu ya kikofia hufyonza, na kinachofyonzwa kwa urahisi ni hewa yenye mvuke kutoka chumbani kupitia matundu ya taa, kuliko hewa ya nje kutoka kwenye tundu dogo la ukingoni. Nimeona mapaa yaliyolowa zaidi baada ya vikofia. Tena kila kikofia ni tundu jipya kwenye lami, lenye kiungo kinachoweza kuachia.

Zilibaki njia mbili. Ya kwanza, na rahisi kuliko zote, ni kuirudisha gereji kuwa gereji: toa pamba, toa dari, toa mashine, acha mbao zionekane na zipumue. Kwa mtu anayeweka gari tu ndani ya chumba kisichopashwa joto, ningemwambia asiweke kizuia joto chochote darini. Mwenye nyumba hakutaka kusikia hilo. Karakana ilikuwa uhai wake. Basi ikawa njia ya pili: kuhamisha kizuia joto kutoka chini ya plaiwudi na kukiweka juu yake, ili mbao zote zibaki upande wa joto na zisipate baridi ya kutosha kushika umande.

Kazi ilivyokwenda

Chanzo kilishughulikiwa kwanza, kabla ya mtu kugusa paa. Bomba la mashine ya kukausha nguo likatolewa nje kupitia ukuta, fupi na lililonyooka, na mwisho wake ukawekewa kifuniko kinachojifunga upepo ukirudi. Mlango wa jikoni ukapata mpira wa kuziba. Unyevu wa gereji ulishuka ndani ya wiki hiyo hiyo, dari ikiwa bado imefungwa.

Dari yote ikabomolewa na pamba yote ikatupwa. Pamba ya kioo iliyolowa inaweza kukauka, lakini hii ilikuwa imejaa vumbi la kuvu, haikustahili kubembelezwa. Ilitiwa kwenye mifuko palepale chini ya paa na mifuko kufungwa kabla ya kutolewa, mafundi wakiwa na barakoa za kuchuja chembe ndogo, glavu na miwani. Kuvu ya juu ya mbao ilifyonzwa kwa mashine yenye kichujio laini, kisha ikasuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni, maji kidogo iwezekanavyo. Kusugua kuvu kavu kwa brashi ni kuipandikiza nyumba nzima. Mwenye nyumba alikuwa amenunua dawa ya klorini ya kutosha kufulia mahema, nikamwomba aiweke. Juu ya vigae inafaa. Kwenye mbao klorini inaishia juujuu, na maji yaliyoibeba ndiyo yanayopenya ndani.

Kisha bisibisi. Kila ncha ya boriti inayoingia ukutani ilichomwa kwa bisibisi kwa nguvu, kwa sababu hapo ndipo uozo hujificha. Zote zilikuwa ngumu isipokuwa ile ya kona ya mvujo: bisibisi ilizama kama sentimita mbili. Tuliifunga boriti mpya sambamba nayo, kwa boliti, na karatasi moja ya plaiwudi ikabadilishwa. Doa jeusi la kuvu kwenye mbao ngumu ni uchafu. Ulaini ndio ugonjwa.

Tukasubiri. Hapa mafundi wengi hukosa subira, maana turubai juu ya paa linawatia wasiwasi. Kufunga paa juu ya plaiwudi yenye asilimia 23 ni kuyafungia maji ndani ya chungu. Feni ilipuliza kutoka chini, kipima kikarudiwa sehemu zilezile, na kazi ikaendelea pale sehemu yenye maji mengi kuliko zote iliposhuka chini ya 18.

Lami ya zamani ilikwanguliwa yote, na juu ya plaiwudi tukaanza upya: utando wa kuzuia mvuke wenye karatasi ya alumini ndani yake, uliobandikwa na kupandishwa pembeni, bodi za povu gumu, kisha utando wa kuzuia maji. Unene wa bodi uliamuliwa na dirisha la nyumba lililo juu ya paa la gereji. Kizingiti chake kilikuwa milimita 240 juu ya plaiwudi, na utando wa kuzuia maji unatakiwa upande ukutani milimita 150 kutoka uso wa paa jipya. Ukitoa hiyo, na unene wa tando zenyewe, zilibaki milimita 80 za bodi. Ningependa 120. Dirisha halikukubali, na kuiba sentimita kutoka kwenye ule upandaji wa ukutani ndiko kulikozaa mvujo wa kona tangu mwanzo. Lile dimbwi la katikati lilijazwa kwa vipande vya bodi vilivyochongwa mteremko, ili maji yaende kwenye mfereji.

Mambo mawili yalileta ubishi. Mwenye nyumba alitaka kununua pamba mpya airudishe kati ya boriti, "joto liongezeke". Hapana. Pamba chini ya plaiwudi ingezuia joto la chumba lisifike kwenye mbao, plaiwudi ingerudi kuwa baridi, na tungekuwa tumejenga ugonjwa uleule kwa vifaa vipya. La pili lilimshangaza hata fundi: matundu ya hewa kwenye mbao ya ukingo yalizibwa. Kizuia joto kikiwa juu, hewa ya nje inayopita chini yake inakifanya kisiwe na kazi, kama kofia inayoelea juu ya kichwa. Nafasi kati ya boriti sasa ni sehemu ya chumba.

Mpangilio huu ni wa mahali ambapo ndani kuna joto na nje kuna baridi. Kwenye joto la mchana kutwa na hewa nzito ya nje, chumba kikipozwa kwa kiyoyozi, mvuke unasukumwa kutoka nje kuja ndani, na mahali pa utando wa kuzuia mvuke pafikiriwe upya.

Baada ya msimu mwingine

Kabla dari mpya haijafungwa, tuliacha jozi tatu za misumari ndani ya plaiwudi, kila jozi na nyaya zake zikishuka hadi nyuma ya swichi, ili kipima kiguswe pale bila kubomoa kitu. Taa za kuzama hazikurudi. Zilifungwa taa za kubandika juu ya bodi. Katikati ya msimu wa baridi uliofuata, baada ya usiku kadhaa wa jalidi, sehemu zote tatu zilisoma kati ya asilimia 12 na 14. Kona ya mvujo ilinyeshewa tena kwa bomba, ndani ikabaki kavu.

Uvundo uliendelea, hafifu, na mwenye nyumba akaanza kulitazama paa kwa jicho baya. Ulitoka kwenye kabati la zana, lile lililopulizwa na mashine ya kukausha nguo misimu yote ile. Mgongo wake wa ubao mwembamba ulikuwa umeota kuvu upande unaotazama ukuta. Ubao ukatupwa, kabati likasogezwa sentimita tano kutoka ukutani.